Kikao cha Kumgawa Tabibu

Mimi na mdogo wangu wa kiume tulikuwa na mtu wetu. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye kilemba cha bluu na fimbo inayotoa mwanga, na kazi yake ilikuwa kutibu majeruhi wa vita ambavyo haviishi. Aliishi ndani ya gemu, moja ya zile ambazo watu wa dunia nzima wanacheza pamoja kwenye intaneti, kila mchezaji na mhusika wake anayemkuza mwaka hadi mwaka. Wenzetu walikuwa na mhusika wa peke yao. Sisi wetu alikuwa wa shirika, kwa sababu tulipoanza kulikuwa na kompyuta moja tu, nayo ilikuwa ya dukani kwangu.

Duka liko Soweto, hapa Moshi mjini. Nauza pembejeo na dawa za mifugo. Mchana kuna saa ambazo hata nzi haingii, na saa hizo nilikuwa nachuma mitishamba. Ndiyo kazi ya tabibu: kabla hujamponya mtu lazima uzunguke maporini, uchume majani, uyasage, uyapange kwenye mkoba. Mteja akiingia kutafuta dawa ya kupe namhudumia, akitoka narudi porini. Mwisho wa wiki mdogo wangu anaingia na kikosi chake, anazimaliza dawa zote kwenye pambano moja, anashangiliwa, anaondoka. Alipopata kazi Dar es Salaam utaratibu haukubadilika. Mimi nachuma, yeye anashinda.

Kisha wenye gemu wakatangaza kwamba ulimwengu wao utagawanywa. Kutakuwa na toleo la zamani, kama gemu ilivyokuwa mwanzo: unatembea kwa miguu bonde hadi bonde, hakuna mshale wa kukuonyesha njia, na ukifa unarudi kuutafuta mwili wako mwenyewe ulipoangukia. Na kutakuwa na toleo jipya, lenye mishale kila mahali, wanyama wa kuruka nao, na zawadi kila ukipiga chafya. Kila mhusika achague upande mmoja kabla ya mwaka kwisha. Akishavuka, harudi.

Mdogo wangu alitaka jipya. "Dada, hiyo ya zamani ni kujitesa tu, bana," alinipigia simu. "Mtu unatembea kutwa kama unapeleka ndizi sokoni."

Nilimjibu kwamba yeye hajawahi kupeleka ndizi sokoni.

Mimi nilitaka la zamani, na sikuona sababu ya kujieleza. Kitu kikipatikana kwa shida unakijua. Kikija chenyewe, na mshale juu yake, unakipita bila hata kukitazama. Tulibishana hivyo mpaka Desemba, na Desemba kila mtu wa Mwika, kijijini kwetu, aliyetawanyika duniani anapanda mlimani kula Krismasi kwao. Mdogo wangu alipanda na viatu vyeupe.

Siku ya pili ya sikukuu, tukiwa bado tunatafuna mbuzi wa jana, akasema kwa utani, "Tumpelekee baba aamue." Kosa. Baba yetu ni mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, na amesuluhisha ugomvi wa mipaka wa nusu ya kijiji. Hana utani na kikao. Alinawa mikono, akamwita baba mdogo kutoka shamba la jirani awe shahidi, akaagiza mbege, pombe yetu ya ndizi, akakaa.

"Shikamoo baba mdogo," tulimwamkia.

"Marahaba. Nasikia mmegombana juu ya mtu. Wa ukoo gani?"

"Hana ukoo," nilisema. "Yuko kwenye kompyuta."

"Kila mtu ana ukoo."

Baba akamnyamazisha kwa mkono. "Huyo mtu anafanya kazi gani?"

"Anatibu."

"Analipwa?"

"Analipwa dhahabu, baba."

"Iko wapi?"

"Humohumo kwenye kompyuta. Haitoki."

"Kama malipo ya kahawa," akasema baba mdogo, akapokea kibuyu.

Mdogo wangu akapewa nafasi ya kwanza. Akasimama, yeye mpenda mapya, yeye wa wanyama wa kuruka, akawaita mababu zetu wote waje wamsaidie. Alisema kwa mila za Kichagga nyumba ya baba inabaki kwa kitindamimba wa kiume, na kitindamimba ni yeye. Alisema dada leo yupo, kesho ataolewa. Hiyo kesho tumeisubiri hadi imechoka, lakini baba mdogo aliitikia kwa kichwa kwa heshima kubwa.

Ikaja zamu yangu. Na mimi, niliyekuwa tayari kuzunguka ulimwengu mzima kwa miguu ilimradi uwe wa zamani, nilisimama nikatangaza kwamba mambo ya zamani yamepitwa na wakati. Nilisema sheria ya nchi haimbagui mtoto wa kike. Nilipandisha sauti kidogo hapo kwenye sheria ya nchi.

Mama alikuwa mlangoni na sufuria ya mtori. Alicheka mpaka akaiweka chini. "Kwa hiyo wa mapya anataka mila," akasema, "na wa zamani anataka sheria mpya. Kuleni kwanza, mna njaa."

Niseme wazi nilichokuwa nakitafuta, maana tabibu peke yake asingenitoa jasho vile. Kila Jumamosi nafunga duka mapema nakwenda Mwika. Namkatia ng'ombe majani, napunguza migomba, na msimu wa kahawa nachuma kahawa mpaka vidole vinanata. Kihamba, yaani shamba letu la nyumbani ambalo babu alimwachia baba, nakijua mgomba kwa mgomba. Nilikitaka. Sikuwahi kutamka, kwa sababu binti haulizi jambo hilo wakati baba yake yuko hai na anakula vizuri. Nikaona njia ndiyo hii. Baba akishampa haki mtoto wa kike kwenye tabibu, mbele ya shahidi, itakuwa vigumu kuirudisha mfukoni.

Baba alimaliza mtori wake taratibu, akafuta mdomo, akamgeukia mdogo wangu.

"Dawa za huyo mtu, nani alikuwa anachuma?"

"Dada."

"Siku zote?"

"Siku zote, baba."

"Na wewe?"

"Mimi napigana vita."

"Kwa dawa alizochuma nani?"

"Dada."

"Basi," akasema baba. "Aliyetunza ndiye mwenyewe. Haya mambo ya huyu wa kike na huyu wa kiume tuyaache, dunia imebadilika. Tabibu ni wa dada yako, ampeleke anakotaka."

Baba mdogo alipiga makofi. Mimi machozi yalinitoka, na sikujali nani ananiona. Maisha yangu yote nilikuwa nasubiri kusikia sentensi hiyo kutoka kwenye mdomo huo, na sasa ilikuwa imesemwa, kwa sauti, sebuleni kwetu, picha ya babu ikisikiliza ukutani. Nilifurahi hadi nikaona aibu.

Baba akataka jambo liishe siku hiyohiyo. Kwetu mtandao unashika vizuri karibu na banda la ng'ombe, kwa hiyo tulitoka wote tukasimama kwenye harufu ya samadi, nami nikabonyeza kwenye simu. Kile kilemba cha bluu kikafifia, kikatokea tena katika kijiji chenye vumbi, bila mshale hata mmoja. Mdogo wangu akanipa mkono. "Hongera, sista," akasema, na alimaanisha. Si mtu mbaya hata kidogo.

"Vizuri," akasema baba. "Sasa, kwa kuwa wote mpo na shahidi yupo, tumalize na lile jambo la maana."

Akaingia stoo akatoka na kamba, panga, na beseni la miche ya masale. Masale ni mmea wetu wa mpaka. Ukishapandwa mahali mbele ya watu, hapo pamesemwa, na hakuna Mchagga mwenye akili zake atakayethubutu kuung'oa. Baba akanipa beseni nilibebe. Nililibeba kwa furaha, nikimfuata kati ya migomba. Nilijua neno lake la kule sebuleni linakuja kupandwa ardhini.

Walivuta kamba, yeye na baba mdogo. Wakapanda mche kwenye kona ya juu, wakapanda mwingine kando ya mfereji. Mimi nilikuwa natoa miche kwenye beseni, mmoja mmoja, nawapa.

"Hadi hapa kwenye mfereji," baba akamwambia mdogo wangu, "kihamba chote ni chako."

Mdogo wangu alinitazama. Kiatu kimoja kilikuwa kimeshaingia matope.

"Baba," nikasema, "pale ndani umesema aliyetunza ndiye mwenyewe."

"Nilisema juu ya yule mtu wenu wa kompyuta," akajibu bila ukali. "Yule hayupo, mama. Huu ni udongo."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichonipa ushindi. Kwa kitu kisichokuwepo, baba alikuwa mtu wa kisasa kuliko sisi wote. Nilihisi kama nimepigwa kofi na mtu anayetabasamu, na hasira ikanipanda hadi kwenye masikio.

"Na Jumamosi," nikauliza, "ng'ombe atakatiwa majani na nani?"

Baba aligeuka akanishangaa, mshangao wa kweli kabisa, wa mtu aliyeulizwa jua litachomoza upande gani.

"Si wewe upo?"

Akanyoosha mkono nimpe mche mwingine. Sikumpa. Nililiweka beseni chini, nikapiga magoti palepale nilipokuwa nimesimama, katikati ya shamba, mbali na mpaka wowote, nikachimba kwa vidole na kuupanda. Niliushindilia udongo kwa nguvu zote. Baba mdogo alisema neno la Kichagga ambalo sitaliandika.

Kisha mdogo wangu akavua vile viatu, akaenda mferejini, akateka maji kwa viganja, akaja akayamwaga juu ya mche wangu.

Baba alisimama akiutazama mmea ule, panga mkononi. Masale hayang'olewi, na sisi tulifundishwa hivyo na yeye. Halafu akauzunguka, kwa uangalifu asije akaukanyaga, akaenda mwenyewe kumkatia ng'ombe majani.