Maombi Niliyoyasafisha

Asubuhi ya upasuaji wake, mama alitaka kila mtoto amtumie maombi ya sauti kwenye grupu ya familia. Yeye alikuwa hospitalini Thika, mimi chumbani kwangu Mwihoko. Nilirekodi mara tisa. Kisha nikafungua programu ya simu ya kuhariri sauti niliyojifunza mwenyewe kuitumia, nikaondoa kikohozi, vituo, hata pumzi. Nilipotuma niliridhika na sauti. Maneno yenyewe nilikuwa nimeacha kuyasikia.

Mama akanipigia.

“Hii ni wewe ama ni hiyo mashine yenu ya kuongea?”

“Ni mimi, mum.”

“Ai! Mtu anaomba dakika tatu na hapumui? Hata mtangazaji wa redio humeza mate. Haya, niombee sasa, kabla hawajakuja kunichukua.”

Nilifumba macho. Nilitafuta sentensi ya kwanza, nikaikataa, nikatafuta nyingine. Nilimsikia akingoja. Kisha muuguzi akamwambia azime simu.

“Baadaye basi,” mama akasema.

Alipona. Hajaniambia tena nimwombee. Tukikutana nyumbani humwita ndugu yangu aombe, nami nafumba macho pamoja na wengine, nikingoja kuumia moyoni kwa kutoitwa mimi. Bado sijaumia.