Kaka au dada? Neno linalomnyima raha mfasiri wa gemu

Saa tatu asubuhi, mfasiri anafuta neno "ndugu" kwa mara ya tano. Anasimama, anakizunguka kiti, anakaa tena. Chai yake imepoa, hajaigusa.

Mwanamke huyu wa miaka arobaini na mmoja aliwahi kufundisha sarufi, na wenzake ofisini bado wanamwita Mwalimu. Siku hizi hufasiri gemu za video. Kwa miaka sita amekuwa akimtungia maneno Tufani, mpiganaji mwenye upanga mmoja na mdomo mchafu.

Katika toleo jipya, ambalo limeshatoka kwa Kiingereza na Kiswahili chake bado kinaandaliwa, Tufani anatangaza kwamba yeye ni mwanamke, ingawa tangu kuzaliwa alihesabiwa mwanamume. Wachezaji wamegawanyika, barua za malalamiko zimepita elfu mbili.

"Kiswahili kinasema 'amekuja', basi," anasema huku akicheka bila raha. "Hakiulizi ni mwanamume au mwanamke. Katika mistari elfu nne, iliyonikaba koo ni thelathini na mmoja tu."

Ni ile ambayo mdogo wake Tufani anamwita "kaka".

Mkuu wa ofisi alitaka iandikwe "ndugu" kila mahali, yaishe. Fundi wa sauti, anayekaa meza ya pili, hakukubali.

"Mwalimu, huko ni kukwepa," alimwambia. "Mtu kajitamkia kwa kinywa chake, wewe unamfunika shuka?"

Nje ya ofisi nako hakukaliki. Mdogo wa kiume wa mfasiri, dereva wa lori anayemcheza Tufani kila apatapo mapumziko, alimpigia simu akiwa amefura.

"Dada, mmeniharibia mtu wangu!"

"Upanga si bado anao?"

"Anao."

"Na matusi?"

"Yamezidi."

"Sasa nimekuharibia nini?"

Mdogo wake alikata simu. Wiki ya pili hii hawajasemezana, na hilo, anasema mfasiri, linamuuma kuliko barua zote.

Saa tano anaamua. Kabla ya Tufani kujitangaza, neno "kaka" linabaki, maana mdogo wake hakujua. Baada ya hapo, mdogo mtu anaita: "Dada." Anaituma kazi haraka, asije akabadili nia. Mkuu anasoma, anakuna kidevu, anapitisha.

Moyo wa mfasiri bado haujatulia. Jumapili anapanga kumwendea mdogo wake bila kumwarifu, na nakala ya majaribio ya Kiswahili, wakae wacheze mpaka pale mdogo wake Tufani anapoita "Dada."

"Akishafika hapo, aninunie akitaka," anasema akifunga kompyuta. "Lakini kwanza acheze."