Utani Uliokatwa Gazetini

Dolatkhanu hakuzaliwa na hasira. Alizaliwa Nyahanga, Kahama, nyuma ya duka la nguo la baba yake, akajifunza Kisukuma kwa wanunuzi hata kabla hajakijua vizuri Kigujarati cha nyumbani. Alipoolewa Kharumwa alikwenda na cherehani yake, akamzaa Gulnaz, akafiwa na mume, akabaki pale pale akiwauzia wachimbaji na wafugaji sululu, makarai, tochi na chumvi. Ndugu zake wa Mwanza walipomwita awafuate, aliwajibu kwamba kwao ni Kharumwa, na hakuona la kuongeza.

Aliyelikubali jambo hilo kuliko wote ni mzee Maganga, mfugaji aliyejifanya mtani wa mumewe. Siku ya maziko alijilaza njiani mbele ya jeneza, akidai marehemu hapiti mpaka alipe sukari aliyompunja. Jamaa waliotoka Mwanza walitaka kumpiga. Dolatkhanu, machozi yakimtiririka, aliagiza mzee apewe sukari yake, na utani akaurithi yeye. Tangu hapo kila Maganga akiingia dukani alimwita mwizi, naye akamwambia ananuka zizi, wakaendelea kuuziana vizuri tu.

Ikaja Agosti ya mwaka 1998. Ubalozi wa Marekani ukalipuliwa Dar es Salaam, watu wakafa, nchi ikashikwa na uchungu na woga kwa pamoja. Igembe, gazeti la wiki lililokuwa na ofisi yake Kambarage, Shinyanga mjini, likawaalika wasomaji watoe maoni. Mhariri wake, Donatus, alijisifu kwamba barua hazijawahi kumiminika namna ile. Wapo walioomboleza kwa heshima. Wapo pia waliotaka kila Muislamu apekuliwe na kila Mhindi arudishwe alikotoka, kana kwamba mtu wa Nyahanga ana pa kurudishwa zaidi ya Nyahanga. Hizi ndizo zilizouza gazeti, na hizi ndizo Donatus alizozipanga juu.

Maganga naye, kwa kuona kila mtu anasema, akamwomba mwalimu wa jirani amwandikie. Barua ilianza kwa kusema kuwa yeye ni mtani wa Mama Gulnaz. Kisha ikaiomba Serikali imkamate huyo mama, maana stoo yake imejaa baruti ya kupasulia miamba, na bila shaka ndiye aliyeituma Dar. Ikamalizia kwamba akishafungwa, sukari yake yote apewe Maganga. Kharumwa nzima hakuna ambaye asingecheka. Kosa la mzee lilikuwa kudhani kwamba gazeti linasomwa na watu wa Kharumwa peke yao.

Ukurasa ulikuwa umejaa. Donatus akakata mwanzo, akakata na mwisho. Utani ukaenda, sukari ikaenda, ikabaki baruti na jina la mama wa watu.

Wachimbaji waliokuwa wamekuja juzijuzi kufuata dhahabu hawakumjua Maganga wala mtani wake. Walivunja mlango wa duka, wakamwaga chumvi barabarani, wakapasua magunia ya unga wakitafuta mabomu. Majirani waliozoea kukopa unga huo huo walisimama ng'ambo wakitazama. Hilo lilimchoma Dolatkhanu kuliko mlango. Akataka jambo moja tu, barua ichapwe yote kama ilivyoandikwa, ili watu wamwone tena kuwa ni wa kwao.

Akamchukua Maganga wakaenda Kambarage. Donatus aliwapokea kwa adabu, akawavutia viti, akasema amesikitika sana. Kwa sababu ya fujo hizo, alieleza, gazeti limeweka utaratibu mpya, na sasa halichapi tena neno lolote la msomaji juu ya bomu. Dolatkhanu akamwuliza kama na barua ya kumsafisha yeye ni fujo. Akajibiwa kwamba utaratibu ni wa wote.

Utaratibu mzuri kweli huo. Matusi yaliachiwa mlango wazi yapite yote, na yalipokwisha kupita, komeo likashushwa mbele ya aliyetukanwa. Maganga alijaribu kueleza habari ya utani. Donatus, mtoto wa Kisukuma kama yeye, akasema anaelewa kabisa, ila wasomaji wengine hawataelewa, na ni vizuri wasichanganywe zaidi. Hata hivyo angeweza kumsaidia mama. Akiandika yeye kama Muislamu, akalaani walipuaji, barua itawekwa ukurasa wa mbele pamoja na picha yake.

"Nilaani kwa niaba ya nani?" Dolatkhanu akauliza.

"Ya wenzako."

"Mwenzangu ni huyu mzee, na wewe umemgeuza shahidi wa kunifunga. Ulikata maneno ya mapenzi ukaacha ya kuniua, halafu unaniita nije nijitakase. Sijitakasi. Chapa ulichokata."

Hakuchapa. Toleo lililofuata lilikuwa na kisanduku kidogo kilichosema kwamba mjadala umefungwa kwa ajili ya amani na umoja wetu.

Dolatkhanu akatengeneza mlango, akafungua duka. Wateja walirudi mmoja mmoja, wakiagiza kwa sauti za chini na kuondoka haraka. Mwishowe akaja Maganga, mtu wa umri wa baba yake. Alisimama kizingitini, akavua kofia.

"Shikamoo, Mama Gulnaz."

Mzee kumwamkia yeye shikamoo! Dolatkhanu hakuitikia. Hasira ilimpanda, akaisukuma mizani kando.

"Bhebhe, wewe Maganga," akasema, "niite mwizi."

Mzee akainamisha kichwa, akasema anaomba chumvi, kama ipo.

"Niite mwizi, nakwambia."

Nje wachimbaji wawili walikuwa wameegemea baiskeli zao, wakisikiliza. Maganga aliwatazama, akamtazama na yeye, macho yakijaa huruma. Kisha akapaza sauti ili asikike mpaka barabarani.

"Huyu mama hana neno na mtu," akasema. "Ni mgeni wetu mwema."