Shali Tatu na Kijiko Kimoja

Mama mkwe wangu alipanda kutoka Ruiri kuja kunitunza baada ya kujifungua, na kabla ya juma la pili kuisha nilikuwa nimeanza kumchunguza.

Sababu ilikuwa mtoto. Hakuwa akiongeza uzito. Kliniki walimpima, wakatazamana, wakaniambia nimrudishe baada ya siku saba. Mimi hufanya kazi katika shamba la maua hapa Timau, kazi ya kuandika vipimo vya chumba cha baridi, na mazoea hayo niliyaleta nyumbani. Kila mara mtoto aliponyonya niliandika saa, titi la kulia au la kushoto, na nepi zilizoloa. Daftari lilisema ananyonya karibu mchana kutwa. Mbona basi mbavu zilihesabika? Chuchu zangu zilikuwa na vidonda, nami nilivumilia nikiuma pindo la leso.

Halafu nikaona jambo. Kila nilipomaliza kumnyonyesha naye bado analia, mama mkwe alimchukua akampeleka jikoni, kwenye moto. Punde kilio kilikatika. Kilikatika ghafla mno.

"Mtoto anataka joto," alisema nilipouliza. "Nyinyi watu wa Timau mmezoea kukaa kama viazi ghalani."

Baridi aliiogopa kwelikweli. Kwao kuna jua. Huku upepo wa mlima huingia hata penye tundu la msumari. Kwa hiyo mtoto alivikwa sweta mbili, akafungwa shali tatu, kikabaki kiuso tu, kama kabichi lenye pua. Nilimpokea hivyo, nikamlaza mapajani hivyo, nikamwinamia hivyo.

Siku ya sita tangu kliniki niliwafuata jikoni kwa soksi. Kijiko cha chai kilikuwa juu ya jiwe la meko, kimeloa. Nikakiramba. Maji ya sukari.

"Mama, umempa nini?"

"Nini gani?"

"Hiki kijiko."

Alitazama moto. "Vijiko viwili tu. Mtoto alikuwa analia njaa, na wewe hayo matiti yako ni ya maonyesho."

Niliandika daftarini, pamoja na saa. Kesho yake nikaenda kliniki na ushahidi wangu, naye akanifuata nyuma.

Nesi alisoma ukurasa wote, akamtazama bibi yake mtoto. "Shosho, maji ya sukari hapana. Hata maji matupu. Mpaka miezi sita ni titi peke yake."

Nilijiona nimeshinda kesi. Kisha akanigeukia. "Sasa nyonyesha nione."

Nikafanya kama siku zote. Nesi akacheka. "Huyu unamnyonyesha ama unamtuma kwa posta?"

Akafungua shali ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

"Atakufa na baridi!" mama mkwe alisema.

"Joto atapata kwa mamake, shosho. Shali tutamfunika mgongoni."

Akaniegemeza kwenye kiti, akaweka mto chini ya mkono wangu. Tumbo la mtoto likagusa langu. Kichwa na mgongo vikawa mstari mmoja, pua mbele ya chuchu. Akangoja mdomo ufunguke kama wa kupiga mwayo. "Usimwinamie. Mlete yeye kwako. Alikuwa anashika ncha tu, shingo imegeuka kama ya mtu anayetazama gari nyuma."

Niliyasubiri maumivu. Hayakuja. Badala yake nikasikia sauti ambayo sikuwa nimewahi kuiandika: mtoto akimeza.

Mama mkwe aliisikia pia. "Nilikuambia ana njaa," alisema polepole.

Nilifungua daftari, nikarudi kurasa za nyuma. Saa zilikuwepo, nepi zilikuwepo. Lakini kama alikuwa ameshiba, hilo halikuwa mahali popote.

Kuanzia siku hiyo mama mkwe alikaa mbele yangu jikoni kila nilipoketi kunyonyesha, amekodoa macho. "Shingo," alisema. "Shingo imepinda." Nami nilinyoosha.

Siku saba baadaye mzani ulipanda. Nesi alitupongeza sote wawili. Hata hivyo, vijiko vyote vya chai nilikuwa nimevihamishia chumbani kwangu, chini ya mto. Na mama mkwe, kila aliponipa mtoto, alisimama mlangoni mpaka aone nimezivua shali zote tatu.