Pumzi Kiganjani

Mama Pamba alikuwa fundi wa magodoro. Si haya ya sponji yanayouzwa yamevishwa nailoni, la. Yeye alifufua ya pamba, yaliyolaliwa mpaka yakawa magumu kama sakafu. Aliyapasua tumbo, akaitoa pamba na kuicharaza kwa fimbo mbili uani hadi ikaumuka, kisha akairudisha na kushona kwa sindano ambayo ukiiona gizani ungedhani ni mkuki. Vumbi jeupe lilimtanda kichwani hata wapita njia aliowazidi miaka michache tu wakamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba bila haya. Alikuwa akisema godoro halina siri. Likiwa na shimo moja katikati, hao wanapendana. Likiwa na mashimo mawili, kila moja ukingoni kwake, hao wana kesi. Ndiyo maana wake za watu walimletea magodoro yakiwa yamefunikwa.

Aliishi na mjukuu wake, mtoto wa bintiye marehemu. Homa iliyomchukua binti ilimwachia mtoto uhai, lakini haikuondoka mikono mitupu: ilibeba macho na masikio. Mtoto akabaki na ngozi yake, pua yake na viganja vyake. Wakamwita Kiganja.

Siku ya maziko, muuza mkaa wa pale kichochoroni, mwanamke aliyekuwa na mapaja ya kubebea magunia, alisimama mlangoni akasema, "Huyu halelewi na mtu mmoja. Mwenzangu atapiga pamba saa ngapi?" Kuanzia hapo Kiganja akawa mtoto wa kichochoro kizima. Asubuhi kwa muuza mkaa, mchana kwenye benchi la kinyozi, jioni kwa bibi yake. Na kwa kuwa haoni wala hasikii, kila mtu alimpa ishara yake. Kinyozi alimkuna kiganja kwa ukucha, taratibu, kama wembe unaopita shingoni. Muuza mkaa alimbana kidole gumba. Bibi alimpulizia pumzi katikati ya kiganja, na hapo mtoto alicheka kwa kicheko kilichoanzia tumboni.

Sheria ilikuwa moja: mtoto hapewi mtu ila mkono kwa mkono, na ishara ya mwenzako huigusi. Kuna mteja mmoja aliwahi kumkuna mtoto kiganja kwa mzaha. Kinyozi alikataa kumnyoa mpaka nywele zikamfunika macho, akawa anajigonga kwenye milango. Mkewe alikuja kuomba radhi.

Basi likaja lile gari la rangi ya majivu.

Liliingia kichochoroni polepole, bila honi, na kuku waliopenda kubishana na magari wakapisha wenyewe. Akashuka mama mmoja, nguo zimenyooka, glavu nyeupe mikononi, viatu ambavyo matope ya pale yalivikwepa. Alijitambulisha kwa sauti laini tu kwamba ana nyumba ya kuwatunza watoto wa namna hii. Wakamwita Madamu, kwa kuwa jina hakulitaja na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

"Iko wapi hiyo nyumba, Madamu?" aliuliza Mama Pamba, fimbo zake mkononi.

"Mbali kidogo. Ina bustani."

"Na watoto wako wengi?"

"Wapo. Wametulia sana."

"Watoto wametulia?" Muuza mkaa akacheka. "Hao ni watoto au viti?"

Madamu naye akatabasamu. "Kwangu hawalii, dada."

Mama Pamba aliushukuru ugeni akasema mtoto ana kwao. Mambo yangeishia hapo. Lakini watu wa kichochoro kile walikuwa na ugonjwa mmoja: walimwonea fahari Kiganja kuliko mtu anavyoionea fahari nyumba ya ghorofa. Kinyozi hakuweza kuvumilia mgeni aondoke hajaona.

"Madamu, ngoja uone maajabu! Huyu mtoto anatujua kuliko polisi wanavyotujua. Tazama!"

Akamkuna kiganja, mtoto akajipapasa shavu, yaani kinyozi. Muuza mkaa akabana kidole gumba, mtoto akatunisha mashavu, na watu wakaangua kicheko. Bibi akapuliza. Mtoto akacheka.

"Ajabu kweli," alisema Madamu. Akavua glavu moja. "Hebu nifanyieni na mimi, nionje anachokionja."

Wakamfanyia, mmoja baada ya mwingine, huku wakisukumana kama watoto kwenye bembea. Zamu ya Mama Pamba ilipofika aliinama juu ya kile kiganja akapuliza, na pumzi yake mwenyewe ikamrudia usoni ikiwa ya baridi, kana kwamba amepulizia mtungi.

Madamu alipokuwa anaondoka akamshika Mama Pamba upindo wa kitenge. "Nipe hiki, mama. Kumbukumbu. Mimi nitakupa kipya."

"Hiki? Kimejaa jasho na vumbi la pamba, Madamu. Kinanuka mimi."

"Hicho hicho."

Mama Pamba alikifungua, akayacheka moyoni matakwa ya watu wenye magari. Kitenge kipya alichopewa kilikuwa kizuri mno, lakini usiku ule Kiganja alikinusa, akakisukuma mbali.

Siku zikapita, gari halikuonekana. Mchana mmoja wa joto Mama Pamba aliweka fimbo chini kabla ya muda wake, bila sababu anayoijua, akaenda kwa kinyozi. Kinyozi alikuwa amempaka mteja povu nusu ya uso.

"Nimemfuata mwanangu."

Kinyozi akageuka, wembe hewani. "Mwanao yupi tena, mama?"

"Nina wangapi?"

"Usinitanie. Si umemchukua sasa hivi? Nilikuwa nanoa wembe, nikaona kitenge chako hapo mlangoni. Umempulizia, amecheka, mmeondoka. Hata salamu hukunipa, nikasema leo mama kanuna."

Kinyozi alimtazama Mama Pamba kiunoni, akaona kitenge kipya. Wembe ukamdondoka. Mteja aliruka na povu lake, na wote watatu wakatoka mbio.

Muuza mkaa alikuwa anapakua magunia kule mwisho wa kichochoro. Alikuwa ameona mgongo wa kitenge anachokijua, aliyekivaa amemshika mtoto mkono, akataka kusalimia; kisha akaona viatu. Mama Pamba hajawahi kuvaa kiatu kinachong'aa tangu azaliwe. Muuza mkaa hakupiga kelele wala hakuuliza swali. Alikwenda akaketi juu ya boneti la gari la rangi ya majivu. Wanaosimulia wanasema magurudumu ya mbele yalizama ardhini na ya nyuma yakaning'inia, na dereva akabaki anakanyaga mafuta kama anayeendesha cherehani.

"Shuka, dada," alisema Madamu kupitia dirisha, bila hasira. "Mtoto amekuja mwenyewe."

Na kweli Kiganja alikuwa ametulia, kichwa kimeegemea kile kitenge. Mama Pamba akafungua mlango kwa nguvu, akamshika mtoto mkono, akapuliza. Mtoto akashtuka. Madamu, upande wa pili, akaushika mkono ule mwingine na kupuliza vilevile, kwa kipimo kilekile.

Kiganja akaganda. Kisha akaipokonya mikono yote miwili, akakunja ngumi, akalia. Hakuna aliyewahi kumsikia akilia namna ile. Hata dereva aliuacha usukani.

Muuza mkaa ndiye aliyemtoa, kwa kumbeba mzimamzima huku akipigwa mateke. Madamu hakugombana. Alikikunja kitenge vizuri, akakiweka mapajani.

"Mmeona wenyewe," alisema. "Hamjui tena kumtuliza. Nitarudi mtakaponihitaji."

Baada ya hapo Kiganja hakumfungulia mtu ngumi. Alilala amezikunja. Kijiko kikimfikia mdomoni kutoka mkono wa mtu, alikikazia meno. Kinyozi alikuja na machozi kusema wabadilishe ishara zote, Mama Pamba akamuuliza, "Na huyo akizijua hizo mpya?" Mtoto akazidi kukonda. Na gari likaanza kuonekana tena. Haliingii, linasimama tu barabarani, injini inanguruma chinichini. Mwishowe muuza mkaa, aliyelikalia kwa makalio yake mwenyewe, akanong'ona asichotaka kukisikia, "Mwenzangu, labda kule angekula."

Mama Pamba alimtazama mpaka akaondoka.

Kisha akapasua godoro na kuimwaga pamba yote sakafuni, chumba kikawa cheupe. Akamweka mtoto katikati, yeye akaketi mbali kidogo, mkono umelala wazi ndani ya pamba. Hakumgusa. Hakupuliza. Njaa ilimuuma, mguu ukafa ganzi, inzi akamtembelea puani, naye akakaa kama godoro.

Kiganja alifungua ngumi ili ashike pamba. Akaifuata, konzi kwa konzi, mpaka akaukuta mkono. Akarudi nyuma. Akaja tena. Akaukagua kama mnunuzi mkaidi: sugu za sindano, kidole kilichopinda, kiwiko, shingo, mikunjo ya uso. Akanusa. Akasubiri, na yeyote aliyefundishwa ishara angeitoa sasa. Mama Pamba hakutoa chochote. Basi mtoto akakamata kidole gumba cha bibi, akakiuma kwa meno yake yote. Bibi alipiga ukelele bila kufungua mdomo, machozi yakamtiririka mpaka puani. Ndipo Kiganja akacheka, akamlalia kifuani, akaupapasa uso wake kuomba chakula.

Kinyozi alipouliza wameelewana vipi, Mama Pamba alisema, "Kaweke mkono wako, ukae. Akitaka atakwambia mwenyewe." Muuza mkaa alikaa kutwa nzima, akatoka ameficha mkono na anatabasamu. Kinyozi anakaa mpaka leo. Bado hajaambiwa kitu, wala halalamiki.

Barabarani injini inanguruma. Mama Pamba anaupiga mlango komeo kwa mkono mmoja. Ule mwingine wenye alama ya meno ameufunga ndani ya nguo, na kwa mgeni yeyote, hata wa kupita, hautoi.