Siku Mama Alipokataa Kusifiwa

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya upili huko Njoro. Neno la Kiingereza lililonishinda kabisa nililisikia kwa daktari kijana, kwenye kliniki moja mjini Nakuru, mama akiwa ameketi kando yangu.

Baba alikuwa amepooza upande wa kulia kwa miaka minne. Alikuwa mfanyakazi wa reli hadi alipostaafu, mtu wa sauti kubwa, na sasa mama ndiye aliyemwinua, akamwogesha na kumlisha uji kwa kijiko katika nyumba yao ya mtaa wa Section 58, mjini Nakuru. Siku hiyo daktari alimgeuza baba, akatafuta vidonda vya kulala mgongoni, asipate hata kimoja. Akanitazama, akasema, "Your mother is very committed."

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anasema umejitolea sana."

Nilidhani atafurahi. Akakunja uso. "Kujitolea ni kufagia kanisa. Mwambie huyu ni bwanangu."

Sikumwambia. Nilitabasamu, daktari naye akatabasamu, tukapewa siku ya kurudi. Lakini mama hakuliacha. Tukiwa nje tunamsukuma baba kwenye kiti cha magurudumu, akasema, "Mtu wa kujitolea akichoka anaenda kwake. Sasa mimi, kwangu ni wapi?"

Wiki hiyo nililiandika neno hilo la daktari, commit, ubaoni nikawaambia wanafunzi walitungie sentensi. Mmoja akaandika juu ya kutenda uhalifu, mwingine juu ya mtu kujiua, wa tatu juu ya kumkabidhi Mungu maisha yake. Msichana mmoja akauliza neno moja linawezaje kubeba hayo yote. Nikamwambia labda ni kwa sababu yote ni mambo ambayo ukishayafanya, huwezi kurudi nyuma. Jibu lilinitoka tu. Sikuwa nimelisoma popote.

Wakati huo nilikuwa na mwanamume, mkazi wa Kihoto, Naivasha. Tulikuwa pamoja miaka mitano. Ziwa lilipofurika na maji kuingia kwake, nilienda tukabeba magodoro na sufuria, maji yakitufika magotini. Nikamwambia aje Njoro, tuoane, tukae mahali pakavu. Akasimama pale na meko ya gesi mikononi, akasema hayuko tayari kwa commitment. Tulikuwa tukiongea Kiswahili mchana kutwa, lakini hilo alilisema kwa Kiingereza. Nilimsaidia kumaliza kubeba vitu, kisha nikaenda kwa mama.

"Hiyo ni kusema nini?" mama akaniuliza.

"Kwamba hayuko tayari kujifunga."

"Na hiyo miaka mitano yote alikuwa anafanya nini?"

Alinimiminia chai, akaenda kumgeuza baba.

Mama alikufa kabla ya baba. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewazia hivyo. Ilikuwa asubuhi, akianika shuka za baba. Jirani alimkuta ameketi chini, mgongo ukutani, shuka moja mbichi bado iko mapajani. Walisema ni moyo.

Tulimzika nyumbani kwetu, magharibi, nami nikahamia Section 58. Nilimpata mwanamke wa kukaa na baba mchana. Asubuhi na jioni zilikuwa zangu. Baba alikuwa amebakiwa na maneno machache. Kila nilipomletea kijiko alitazama mlangoni na kuuliza, "Mama yenu?" Siku za kwanza nilimweleza ukweli, na kila mara alilia kama ndiyo kwanza anausikia. Baadaye nikawa nasema ameenda sokoni.

Mwezi wa tano, nikimwogesha, niliona kidonda chini ya kiuno, chekundu, kinatoa maji. Nilikuwa nikimgeuza, ndiyo, lakini si kama mama alivyomgeuza. Nilikuwa nachoka, nalala. Niliketi sakafuni bafuni nikampigia kaka yangu, anayeishi Eldoret.

"Nimeshindwa," nikamwambia.

"Usijali, dada. Nakuja Jumamosi."

Hakunilaumu. Mke wake ni muuguzi. Walimfunga baba mkanda kwenye kiti cha mbele, wakaenda naye. Nilirudi ndani nikatandua kitanda chake, nikalala hapo hapo juu ya godoro hadi jioni.

Kidonda kilipona. Kila mwisho wa mwezi nilienda Eldoret kumwona. Alianza kunenepa. Aliacha kumuulizia mama, na mke wa kaka akaona hiyo ni nafuu. Kisha safari moja nilimkuta ameketi kwenye jua, amenyolewa vizuri. Nilimsalimia. Alinitazama kwa muda, halafu akamgeukia mke wa kaka.

"Nani huyu?"

"Ni binti yako, baba. Ametoka Nakuru kuja kukuona."

Baba akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama watu wanavyowapokea wageni wasiowajua. Akanionyesha kiti kwa mkono wake mzima.

"Karibu," akasema. "Keti."

Niliketi.