Kofia ya Mabruki

Enzi za Mwingereza, watu wa Tabora walimjua Mabruki mpiga picha kwa kipara chake. Kamera yake ilikuwa kuukuu ya Kijerumani, na lenzi yake haikuvumilia jua la ubavuni: likiipata tu, picha hutoka na ukungu mweupe usoni mwa mtu. Kikinga jua chake kilikwisha kupotea. Alijaribu mkebe wa sigara alioupaka masizi, ukaziba tundu la kuchungulia. Kioo cha njano cha kuchuja mwanga alikigandisha kwa nta, kikamletea mawingu mazuri, lakini jua halikukoma. Basi akawa anavua kofia yake ya viua na kuishika juu ya lenzi.

Wazee walinuna kusimamiwa mbele yao na mtu mzima kichwa wazi.

“Mnataka heshima au mnataka nyuso?” aliwauliza, wala hakungoja jibu.

Siku ya Idi mkewe, Mwanahawa, alimwambia, “Baba Yahaya, mji mzima umeupiga picha, wewe huna hata moja.”

Mabruki akaitega kamera juu ya miguu yake mitatu, akamwonyesha pa kubonyeza, akaketi kitini na kanzu yake mpya.

“Nipe kofia nikinge jua,” alisema Mwanahawa.

“Nipigwe picha ya Idi kichwa wazi, wajukuu wanicheke? Bonyeza, Mama Yahaya.”

Akabonyeza.

Mabruki alifariki bila kupigwa nyingine. Ile ingali ukutani. Kofia inaonekana uzi kwa uzi; chini yake, palipokuwa na uso, pana weupe mtupu. Wageni huuliza ni nani huyo.

“Marehemu mume wangu,” husema Mwanahawa. “Siku hiyo alikataa kuivua.”